Kumtambua Kigong'ota: Somo la Nje ya Darasa

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo mmoja aliwauliza watoto wa darasa la tatu watamtambuaje kigong'ota. Wakajibu kwa pamoja kuwa ana kichwa chekundu. Jibu likaandikwa ubaoni, na somo likaishia hapo. Siku ya pili mtoto mmoja alimwona kigong'ota jike nyuma ya jiko la shule akakataa kuwa ni kigong'ota, kwani ubao ulikwisha kumfundisha vingine.

Ndege afaaye kwa somo hili ni kigong'ota mdogo ambaye wataalamu humwita Dendropicos fuscescens. Huonekana katika sehemu nyingi za Afrika kusini ya Sahara, porini, mashambani na hata bustanini. Urefu wake wapata sentimita 15, yaani nusu ya rula ya mwanafunzi. Utosi wa mbele ni wa rangi ya kahawia kwa dume na jike. Nyuma, hadi kisogoni, dume ni mwekundu na jike ni mweusi.

Hata hivyo, kisogo peke yake hakitoshi. Yuko kigong'ota mwingine wa nchi kavu za Kenya na Tanzania, Campethera nubica, ambaye jike wake pia ana kisogo chekundu. Yafaa basi watoto watazame kifua: huyu mkubwa ana madoa, yule mdogo ana michirizi myeusi.

Kisha waulizwe mbona haanguki akiwa wima shinani. Wapewe muda wa kutazama, wala mwalimu asiwatangulie. Watauona mkia mgumu ukimtegemeza. Vidole, viwili mbele na viwili nyuma, pengine vitahitaji mchoro. Hugonga vijiti vyembamba, hata mabua makavu ya mahindi, akitafuta wadudu na mabuu yao. Aghalabu huwa wawili wawili, hivyo aonekanapo mmoja, mwenzake atafutwe jirani.

Dume na jike huchimba tundu katika mti uliokufa, na huatamia kwa zamu. Tundu hilo likisha kuachwa, huwafaa ndege wengine wasioweza kuchimba. Mti mkavu wa shuleni hapana budi uchunguzwe kabla haujakatwa kuni. Somo lifanyike asubuhi mapema, watoto wachache kwa zamu, kila mmoja na penseli yake. Wachore kwanza walichokiona, na jina la ndege litajwe wakisharudi darasani.