Wageni Wakishaondoka, Lugha Hurudi Barazani

Mwanafunzi wetu hukutana na majira ya machipuko katika mashairi ya Kiingereza kabla hajaambiwa ni kitu gani. Sisi tuna masika na vuli, kaskazi na kusi, kiangazi na kipupwe. Hayo "machipuko" ni neno tulilobuniwa na wafasiri, nalo lingali linakaa katika kamusi kama mgeni aliyekalia ukingo wa kiti. Huko milimani Uswisi jambo hili lina uzito mwingine. Machipuko ni wakati ambapo theluji iliyoleta fedha imekwisha kuyeyuka, na jua litakaloleta wapanda milima halijakolea. Ni kipindi kilichobanwa baina ya misimu miwili ya chumo, na wenyeji hawakitangazi popote, maana hawana cha kumwuzia mtu.

Mwezi wa Mei nilibahatika kuipitisha siku nzima ya kipindi hicho katika mji wa Scuol, ulioko bonde la Engadin ya Chini, jimbo la Graubünden, karibu na mpaka wa Austria. Mji wenyewe uko kwenye kimo cha mita 1,250 hivi, yaani chini kuliko Nairobi, ila baridi yake haina mjadala. Juu yake ndipo ulipo mteremko wa Motta Naluns, ambako wakati wa baridi watu hufunga mbao mbili miguuni na kuteleza juu ya theluji hadi jua likatua. Siku niliyofika mimi mteremko ulikuwa nyasi za hudhurungi, zilizolala kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Vigari vinavyoning'inia kwenye nyaya vilikuwa vimesimama tuli, na mafundi wawili walikuwa wakitia grisi magurudumu pasi na haraka yoyote. Hoteli kadhaa zilikuwa zimefunga madirisha. Aliyewahi kukaa Malindi au Watamu mwezi huo huo wa Mei, masika yakimwagika na kusi ikianza kuvuma, anaijua hali hii bila ya kusimuliwa.

Nilifanya nini basi? Kwa hakika, kidogo sana. Nilikunywa maji. Eneo hilo lina chemchemi za maji ya madini zaidi ya 20, na katika viwanja vya sehemu ya kale ya mji mna birika za mawe zenye mifereji miwili: mmoja hutoa maji ya kawaida, wa pili maji yenye ladha ya chuma na gesi ichomayo ulimi. Wenyeji huja na chupa zao wakajaza bure, wakasimama wakazungumza. Niliketi juani nikazitazama nyumba, zenye kuta nene na madirisha madogo, zilizochorwa kwa kukwaruza lipu mbichi mpaka rangi ya chini ikatokeza: maua, nyota, samaki, na juu ya milango maandishi ya wenye nyumba. Mtu wa Lamu, aliyezoea kuisoma nasaba ya nyumba katika nakshi za mlango, asingejiona mgeni mbele ya kuta hizo.

Kisha niliingia duka la mikate, nikala keki ya kokwa wanayoiita tuorta da nusch. Ajabu ni kwamba mjozi wenye kokwa hizo hauoti katika baridi ile ya juu. Keki hii ina uhusiano na historia ya umaskini. Kwa karne nyingi vijana wa Graubünden walihama kwenda kuoka keki na vitamutamu katika miji ya Italia na kwingineko. Venisi peke yake ilikuwa na wengi mno, mpaka serikali yake ikawafukuza mwaka 1766. Waliofanikiwa ughaibuni wakawa wanarudi bondeni kila kiangazi, na wenyeji wakawapa jina la randulins, yaani mbayuwayu. Nawaomba walimu wa fasihi walipokee neno hilo, kwani Nairobi nayo ina mbayuwayu wake, wale waonekanao kijijini Disemba tu.

Lakini lililonishika zaidi siku ile liliingia kwa masikio. Katika birika, dukani, na kituoni linapokomea gari moshi jekundu la Reli ya Rhaetia, sikusikia Kijerumani ila kwa uchache. Nilisikia Kiromanshi, lugha iliyotokana na Kilatini cha askari na wachuuzi wa Kirumi, katika lahaja yake iitwayo Vallader. Salamu yao ni "allegra". Jua ni sulai, theluji ni naiv, na hayo machipuko yetu ya kamusini ni prümavaira. Mwuza mikate alizungumza nami Kijerumani, akageuka akazungumza Kiromanshi na mtoto aliyetumwa mkate, akanirudia mimi. Alinieleza, bila ya uchungu, kwamba kati ya Krismasi na Pasaka huweza kupitisha siku nzima dukani asitamke neno la kwao. Wateja ni wa Zurich na Ujerumani, na mteja haulizwi lugha.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Ukipanda gari moshi hadi Engadin ya Juu utafika St. Moritz, mji maarufu wa utalii wa theluji duniani, ulioandaa Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi mwaka 1928 na tena 1948. Zamani watu wake wote walisema Kiromanshi. Mwaka 1880 waliokuwa nacho kama lugha ya kwanza walikuwa nusu tu. Mwaka 1900 asilimia 31. Mwaka 1941 asilimia 20. Mwaka 1970 asilimia 8 hivi. Kufikia sensa ya mwaka 2000, Kireno cha wafanyakazi wa hotelini kilikuwa na wasemaji wengi zaidi. Hakuna aliyekikataza Kiromanshi. Hakuna mtoto aliyevishwa kidude shingoni, kama tulivyofanyiwa wengi wetu shuleni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Msimu ulirefuka tu, mpaka ukakosekana mwezi wa kukaa barazani.

Scuol nayo inaishi kwa watalii. Kwa nini basi haijafikia hapo? Watu hupenda kujibu kwamba ni mapenzi ya lugha. Mimi siyaamini sana mapenzi yasiyo na ofisi. Biblia nzima ya Kiromanshi ilipigwa chapa Scuol mwaka 1679. Shule ya msingi huanza kwa Kiromanshi, Kijerumani kikafuata baadaye, na shughuli za halmashauri ya mji huendeshwa kwa lugha hiyo. Mnamo tarehe 20 Februari 1938, Mussolini akidai kwamba hicho ni kilahaja tu cha Kiitalia, wananchi wa Uswisi waliipigia kura iwe lugha ya nne ya taifa, na zaidi ya asilimia 90 waliafiki. Hata hivyo, walioitaja kuwa lugha yao kuu katika sensa ya mwaka 2000 walikuwa kama 35,000 tu.

Hao wachache nao wana lahaja tano za kuandikwa! Mwaka 1982 mtaalamu Heinrich Schmid aliwatungia usanifu mmoja, Rumantsch Grischun. Ofisi za serikali kuu ziliupokea. Ulipopelekwa shuleni kuanzia 2007, wazazi wengi walilalamika, na wilaya kadhaa zikarejea lahaja zao. Sisi tulioridhishwa Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu na kamati ya mwaka 1930, huku washairi wa Mvita wakinung'unika, tunaweza kuwaelewa pande zote mbili. Tofauti ni kwamba wazazi wa Graubünden waliulizwa.

Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza watoto wetu wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na sera hiyo ingali kwenye karatasi hadi leo. Mwalimu wa Kilifi anaijua. Anajua vilevile kwamba mzazi anayefanya kazi hotelini atamwuliza Kigiriama kitamlisha mwanawe nini, na hilo si swali la kipuuzi. Mwuza mikate wa Scuol naye nilimwuliza kama hilo. Alisema wateja wa baridi humlipia kodi ya duka, lakini wanaonunua mkate mwezi wa Mei ni wale waliosoma naye, akaenda kumfungulia mlango mzee aliyekuwa akigonga kwa fimbo.