Glaida ya Kwanza kwa Uwanda wa Malili: Pesa Ziende Wapi

Anayenunua glaida ya rimoti kwa mara ya kwanza huuliza bei ya ndege, kisha basi. Kwa mkazi wa Malili, au Mnairobi anayekata kilomita 60 hivi za barabara ya Mombasa kuja kurusha huku wikendi, bei hiyo ni kianzio tu. Uwanda wenyewe una masharti yake: ni tambarare, una miiba, na uko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari.

Utambarare ndio unaokata shauri la kwanza. Glaida isiyo na mota inahitaji mlima, ambapo upepo unaogonga mteremko huinuka na kuibeba, au inahitaji kuvutwa juu. Mlima Malili haupo. Mwenye jamaa Mbooni au Kilungu anao, na upepo pia anao, ila akitaka kutua atakuta matuta ya shamba, miembe na mahindi ya watu. Kwa uwanda kuna ile manati kubwa: mpira wa mita 30 unaofungwa kwenye kigingi, ukaunganishwa na uzi wa nailoni wa mita zaidi ya 100. Ni rahisi kuliko mota, na kwenye uwanja wa mpira wa shule unafanya kazi vizuri sana. Kwenye malisho ya huku uzi utanasa vichakani kila mara, na mwanafunzi ataishia kutembea kuliko kurusha. Mimi namshauri anunue yenye mota ya umeme na propela inayojikunja. Ataiwasha sekunde chache apande, aizime, kisha aelee. Akikosea kukadiria kutua, anaiwasha tena na kuzunguka.

Miiba nayo inaamua ndege iwe ya kitu gani. Udongo mweusi wa huku ndio makao ya ile migunga mifupi yenye vinundu ambamo sisimizi hukaa. Glaida za mti wa balsa zilizovishwa karatasi ya plastiki ni nzuri kwa macho na nyepesi hewani, lakini mwiba mmoja unaipasua ngozi, na ubavu ukivunjika ni kazi ya jioni nzima mezani. Povu gumu hubaki na tundu tu, ukalitia gundi na kuendelea. Hapa sioni haja ya kubishana: ya kwanza iwe ya povu.

Katika hizo za povu, chaguo la kweli ni kati ya aina tatu. E-flite Radian ina mabawa ya mita 2 yaliyopinda kwenda juu kuelekea nchani, na inaongozwa kwa mkia peke yake. Ukiachilia rimoti, mabawa hayo hujisawazisha yenyewe, na kwa anayejifunza bila mwalimu kando yake, hiyo ni thamani isiyoandikwa kwenye boksi. Multiplex EasyGlider 4, ya mita 1.8, ina vibawa vya kuinamisha pande zote mbili. Inatii haraka na kuvumilia upepo zaidi, lakini haimsamehe sana anayechanganyikiwa. Volantex Phoenix 2000 ina vibawa hivyo pia, kiwiliwili chake ni cha plastiki inayostahimili kuburuzwa ardhini, na kwa kawaida ndiyo rahisi kuliko zote tatu. Mwenye mwalimu achukue Phoenix. Asiye naye atafute Radian au nyingine ya umbo hilo, hata ikiwa imetumika.

Kuna wanaovutiwa na vidogo kama UMX Radian, yenye upana wa sentimita 73 na uzito wa gramu 43 hivi. Ni kitamu asubuhi na mapema. Ikifika saa tano, upepo wa uwandani utaichukua kama jani, na ikienda mbali kidogo hutajua tena imeelekea wapi.

Kuhusu mwinuko: hewa ya Malili ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia kama 15. Ndege ile ile inahitaji kwenda kasi zaidi, karibu asilimia 8, ili ishikwe na hewa. Kwa hiyo itupe kwa nguvu, na usinunue nzito kwa sababu tu inaonekana imara. Malipo ya mwinuko na ukame huu yanakuja mchana wa jua, ardhi ikishachemka na hewa moto kuanza kupanda. Ukiona mwewe anazunguka bila kupiga bawa, peleka glaida hapo.

Sasa pesa. Tuseme ndege ni dola 150 na usafirishaji dola 70. Kwa dola moja shilingi 130, hizo ni 28,600. Ikitozwa ushuru wa asilimia 25 unaotozwa bidhaa nyingi zilizokamilika, ongeza VAT ya 16, ada ya tamko la uagizaji ya 2.5 na tozo ya reli ya 2, na kodi peke yake zinafika kama shilingi 14,150. Kifurushi kimefika 42,750 na betri bado. Ndiyo maana boksi lenye kila kitu ndani, rimoti ikiwemo, huonekana nafuu. Ubaya wake ni kwamba rimoti hizo nyingi zinafaa ndege hiyo tu. Rimoti ya RadioMaster Pocket, iliyotoka 2023 kwa dola 65 hivi, utaenda nayo ndege hadi ndege, na ukiichomeka kwenye kompyuta inakuwa rimoti ya mazoezi. PicaSim, programu ya kuigiza glaida, ni ya bure. Anza nayo hata kabla ya kuagiza chochote.

Kabla ya kulipa, iulize KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Kanuni za mwaka 2020 za vyombo visivyo na rubani zinataka kibali cha kuviingiza nchini, na zinaweka kikomo cha futi 400 juu ya ardhi. Kupata jibu kwa maandishi ni nafuu kuliko kifurushi kukwama forodhani. Na ardhi omba pia: zile ekari 5,000 zilizokuwa za Malili Ranch sasa ni Konza Technopolis, mali ya serikali yenye ujenzi, si kiwanja cha wazi. Wenye malisho ya jirani ni rahisi kuzungumza nao.

Betri za lithiamu husumbua kusafirisha kwa posta. Ya seli tatu na mAh 2,200 ni kama Wh 24, chini sana ya kikomo cha Wh 100 cha mizigo ya mkononi, basi jamaa anayerudi kutoka Dubai anaweza kukubebea akiziba ncha zake. Servo ndogo za gramu 9, zile zinazosogeza mkia na vibawa, zinapatikana Nairobi kwa shilingi mia chache, kwa hiyo usiziagize nje. Agiza propela za ziada ndani ya kifurushi kile kile cha ndege, kwa sababu hizo ndizo zitakazovunjika kwanza, na usafiri wa kuileta moja baadaye utazidi bei yake mara kadhaa.