Tuulize Kabla ya Kurudisha Tuta

Kila masika, mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hushuka kutoka nyanda za juu na kupita katika uwanda wa Kyela kabla ya kuingia Ziwa Nyasa. Inapofurika, mpunga huzama na nyumba huingiwa na maji. Nasi hufanya yale yale: twaomba msaada, twarudisha tuta pale lilipokuwa, twapanda upya. Hatuna budi kujiuliza: je, huku ni kutatua shida, au ni kuizoea?

Kufikiri ni kazi, na kila kazi ina zana zake. Zana ya kwanza ni swali "kwa nini", liulizwe tena na tena. Katika viwanda vya Toyota huko Japani, Taiichi Ohno alifundisha kwamba mashine inapoharibika swali hilo liulizwe mara tano, ili watu wasitibu dalili na kuacha chanzo. Nasi tufanye hivyo. Kwa nini mpunga umezama? Mto umevunja kingo. Kwa nini? Huenda mkondo umejaa mchanga. Kwa nini? Huenda miteremko ya juu imelimwa hadi majini. Ikiwa ndivyo, mkutano wa kijiji kimoja hautoshi. Lazima mkulima wa Kyela akae na mwenzake wa Rungwe.

Lakini "huenda" si jibu. Zana ya pili ni kupima. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona maziwa yake ya moto ya aiskrimu yakiganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Akaambiwa amekosea. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dakta Denis Osborne, mwalimu wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne aliagiza jambo lile lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakalieleza katika jarida la elimu ya fizikia. Wanasayansi wangali wanalijadili hadi leo.

Basi na tupime. Kila kijiji cha ukingoni kisimike nguzo yenye alama, kiandike kimo cha maji na tarehe. Vijana wapande na mto wakajionee wenyewe. Gharama yake ni daftari na kalamu. Na mkutanoni, atakayeuliza swali la ajabu asichekwe. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Tuta lililorudishwa bila kuuliza, masika yajayo yatalibomoa tena.