Mwili ukiwasha baada ya udhu: Tuujue mzio kabla haujawa dharura

Mwezi wa Julai, Arusha ina baridi ya kweli. Alfajiri ukungu huwa umeshuka kutoka Mlima Meru hadi mitaa ya mjini, na maji ya bomba huuma vidole. Mtoto anaamshwa kwa ajili ya Swala ya Alfajiri, anatia udhu, na kabla hajafika kwenye mswala anaanza kujikuna. Mikono yake, kuanzia vidoleni hadi viwikoni, imetoka vivimbe bapa vinavyowasha. Kope nazo zimevimba kidogo. Mama anauliza jana alikula nini. Bibi anasema ni damu chafu. Jirani anashauri asomewe, maana huenda ni husda. Baada ya saa moja ngozi imerudi kama ilivyokuwa, na kila mtu anaendelea na shughuli zake.

Mfano huu tumeuchagua kwa makusudi, kwa sababu jawabu lilikuwa mbele ya macho ya wote: maji baridi. Wako watu ambao ngozi zao huyakataa maji ya baridi kama wengine wanavyokataa karanga au dagaa. Aina hii haijaenea sana, lakini inatufundisha jambo linalohusu kila aina ya mzio: ugonjwa huu hutambuliwa kwanza kwa kuuliza na kuangalia vizuri. Na anayeujua mapema hujiandaa kwa siku ambayo mwasho hautaishia kwenye ngozi.

Mabaka hayo ni nini?

Allah ameupa mwili wetu askari wa kuulinda dhidi ya vijidudu na sumu. Mzio hutokea pale askari hao wanapokiona kitu kisicho na madhara, kama vile yai, vumbi au dawa, wakakidhania kuwa adui. Seli zilizo chini ya ngozi humwaga kemikali iitwayo histamini. Mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvujisha maji, ngozi huinuka na mwasho huanza. Waganga huyaita mabaka hayo urtikaria. Uvimbe ukiwa ndani zaidi, midomo, kope au viganja hufura.

Vitabu vingi vya tiba husema mabaka haya ni mekundu. Kwenye ngozi zetu nyeusi mara nyingi wekundu hauonekani. Baka huwa na rangi ileile ya ngozi au nyeusi kidogo. Basi mzazi asitegemee macho peke yake. Apitishe kiganja juu ya ngozi ya mtoto, ataviona vivimbe kwa mguso.

Alama kubwa ya mabaka ya mzio ni kuhama. Hili linapotea hapa, lingine linaibuka pale, na kila moja kwa kawaida halimalizi saa 24 mahali pamoja. Ipo njia rahisi ya kuhakikisha: lizungushie baka moja duara kwa kalamu, kisha litazame kesho yake. Likiwa bado lipo palepale, linauma kuliko kuwasha, au limeacha doa kama la kuvilia damu, huenda huo ni ugonjwa mwingine unaohitaji daktari. Piga pia picha kwa simu, kwa kuwa mara nyingi mgonjwa hufika hospitali ngozi ikiwa imetulia na daktari hana cha kuona.

Kuuliza ndiko kupima

Wazazi wengi hukimbilia kumkataza mtoto vyakula: leo mayai, kesho maziwa, keshokutwa samaki, hadi mtoto anadhoofu. Ukweli ni kwamba kwa watoto wadogo sababu inayoongoza ya mabaka ya ghafla ni maambukizi ya kawaida ya virusi, kama mafua. Mabaka ya chakula hujitokeza haraka, kwa kawaida ndani ya saa mbili tangu kula, na hurudi kila chakula kilekile kinapoliwa. Kama mtoto alikula yai Jumatatu na mabaka yakatoka Jumatano, yai halina kosa.

Kwa hiyo maswali ya daktari, ambayo familia yaweza kuyaandika mapema kwenye daftari, ni haya: Yalianza lini? Hudumu kwa muda gani? Kabla yake mgonjwa alikula nini, alimeza dawa gani, aliumwa na mdudu gani, alishika nini? Je, alikuwa kwenye baridi, jua au jasho? Kwa anayeshukiwa kudhuriwa na baridi, daktari huweka kipande cha barafu kwenye mkono kwa dakika chache, kisha hutazama kama baka litainuka ngozi inapopata joto tena. Vipo pia vipimo vya kuchoma ngozi kidogo na vya damu, lakini kipimo bila historia hupotosha: mtu anaweza kuonekana na mzio wa kitu kwenye karatasi, ilhali amekila miaka yote bila dhara.

Mabaka yanayojirudia kwa zaidi ya wiki 6 huitwa sugu. Mara nyingi hayatokani na chakula wala kitu chochote cha nje, na wagonjwa wengi hupona baada ya muda. Anayesumbuka hivyo katika mkoa wetu ana bahati ya jirani mwema: Moshi, katika Hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kwa ukanda huu kilichoanza mwaka 1992.

Dawa na piko

Dawa nazo husababisha mzio, hasa za jamii ya penisilini, za salfa, na za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Wazee wanaotumia kaptoprili au enalaprili kwa shinikizo la damu wanaweza kuvimba midomo au ulimi bila mabaka yoyote, hata baada ya miezi mingi ya kuitumia. Akiona hivyo aende hospitali haraka, na dawa hiyo isiendelee bila daktari. Aliyepata mzio wa dawa aandikiwe jina lake kwenye karatasi na aibebe daima. “Ile sindano nyeupe” haimsaidii tabibu wa zamu usiku wa manane.

Kwa dada na mama zetu, kuna jambo la harusi na Idi. Hina halisi, ya majani, huacha rangi ya kahawia au ya machungwa, na ni nadra kuleta madhara. Piko jeusi linalokolea kwa dakika chache mara nyingi lina kemikali ya kupakia nywele rangi. Huo ni mzio wa namna nyingine, usiofanana na mabaka: siku moja hadi kadhaa baadaye ngozi huvimba na kutoa malengelenge kwa kufuata maua yaleyale yaliyochorwa. Aliyepata hivyo mara moja asirudie, na aiepuke pia rangi ya nywele yenye kemikali hiyo. Watoto wasipakwe piko kabisa.

Dalili zisizosubiri

Mwaka 1902 wanasayansi wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, waliwachoma mbwa sumu ya viumbe wa baharini wakitarajia kuwapa kinga. Mbwa waliostahimili mara ya kwanza walikufa kwa dozi ndogo ya mara ya pili. Hali hiyo waliiita anafilaksia, na Richet akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Funzo lake lingali hai kwenye miteremko ya Meru, kwenye mizinga na mashamba ya kahawa na migomba: kuumwa na nyuki jana bila tatizo si dhamana ya kesho.

Mabaka peke yake si dharura. Dharura ni pale yanapoambatana na jambo lingine: pumzi kubana au kukoroma, sauti kukauka, ulimi au koo kuvimba, kizunguzungu, kuzimia, kutapika mfululizo au tumbo kunyonga baada ya kuumwa au kula. Wakati mwingine mabaka hayatokei kabisa. Hapo dawa ni moja, sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Ni dawa ya bei nafuu iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kidonge cha mzio hakiwezi kushika nafasi yake, wala maziwa, asali au habbasoda.

Mlaze mgonjwa na miguu yake iinuliwe. Kama anapumua kwa shida, mkalishe. Asisimamishwe wala kutembezwa. Mwiba wa nyuki uondolewe haraka kwa njia yoyote iliyopo. Kisha apelekwe kwenye huduma iliyo karibu zaidi. Anayeishi Nkoaranga au Poli asiipite zahanati yenye adrenalini ili kuiwahi Hospitali ya Mount Meru mjini, kwa sababu mzio huu huua kwa dakika. Jueni leo, si siku ya tukio, ni kituo kipi karibu nanyi hufunguliwa usiku na kina sindano hiyo. Baada ya kuchomwa, mgonjwa abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwani dalili huweza kurudi.

Tiba, ibada na busara

Kwa mabaka ya kawaida, dawa kama setirizini au loratadini hutuliza na hazilevyi sana kwa usingizi. Kipimo cha mtoto aulizwe mfamasia. Klorfeniramini husinziza, hivyo anayeendesha bodaboda aiepuke. Kwa kuwa setirizini na loratadini humezwa mara moja kwa siku, katika Ramadhani zinaweza kumezwa wakati wa kufuturu au daku. Lakini mwenye dharura hangojei magharibi. Dini yetu imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Krimu za steroidi haziponyi mabaka haya, na zikitumika ovyo huharibu ngozi.

Na yule mtoto wa alfajiri? Atiwe udhu kwa maji ya uvuguvugu, avae nguo nzito, na asiogelee kwenye mito ya baridi, kwa kuwa mwili mzima ukipoa ghafla anaweza kuzimia majini. Yasipopatikana maji ya moto, wazazi wamuulize imamu wao kuhusu tayamamu kwa anayedhuriwa na maji. Jirani aliyeshauri kisomo hakukosea kumwombea mtoto dua. Dua isomwe, na birika liwe jikoni.