Kubadilisha oili ya giaboksi

Kubadilisha oili ya giaboksi ni kazi ya kutoa oili iliyochakaa katika giaboksi ya gari la gia za mkono na kujaza mpya. Oili hiyo hulainisha meno ya gia na beringi, hupoza na huzuia kutu. Magari mengi hayana kijiti cha kuipimia, hivyo mara nyingi upungufu hujulikana pale gia zinapoanza kulia au kuwa ngumu kuingia.

Aina ya oili

Unene huonyeshwa kwa namba za SAE, kama 75W-90 au 80W-90. Daraja huandikwa GL-4 au GL-5. Oili ya GL-5 ina kemikali nyingi zaidi za salfa na fosforasi. Hufaa kwa difu, lakini baadhi yake huweza kula pete za shaba zinazolinganisha mwendo wa gia. Kitabu cha gari ndicho kifuatwe, kwa kuwa ziko giaboksi zinazotumia oili ya injini au ATF.

Hatua za kazi

Gari huendeshwa kidogo ili oili ipate joto, kisha husimamishwa mahali tambarare. Likiinuliwa, liwekwe juu ya stendi likiwa limelala sawa. Jeki peke yake isitegemewe.

Bolti ya kujazia hufunguliwa kwanza, kabla ya ile ya chini ya kumwagia. Ikiwa imekwama na oili imeshamwagwa, gari halitaweza kujazwa wala kuondoka. Katika kata ya pembezoni kama Ntalikwa, Manispaa ya Tabora, hilo laweza kumaanisha kufuata vifaa mjini.

Oili mpya huingizwa kwa bomba la mkono, au kwa faneli yenye mpira mrefu ulioteremshwa kutoka juu. Isivutwe kwa mdomo. Katika giaboksi nyingi, kipimo ni tundu lenyewe: oili ikifika ukingo wake wa chini na kuanza kuchuruzika, imetosha. Ikizidi huweza kutoa povu na kuvuja kwenye sili.

Dalili za kuangalia

Chenga kubwa za chuma ni dalili ya gia au beringi kuharibika. Rangi kama chai ya maziwa huonyesha maji. Hili hutokea masika, magari yanapovuka mbuga zilizofurika: giaboksi yenye joto hupozwa ghafla, hewa ya ndani husinyaa, na maji huvutwa kupitia kipumulio. Oili hiyo ibadilishwe mapema.

Oili chafu

Oili iliyotolewa ni taka hatarishi. Huhifadhiwa katika dumu lenye kifuniko na kupelekwa kwa wakusanyaji. Haimwagwi ardhini, hasa karibu na visima.