Punguza picha yako bila kuacha kitambulisho saiba

Haya yamewakuta wengi. Kijana anaomba kazi au basari mtandaoni, anakipiga picha kitambulisho kwa simu, akiituma anaambiwa faili ni kubwa mno. Mbio hadi saiba. Picha inapunguzwa, inatumwa, naye anakwenda zake. Nakala ya kitambulisho imebaki kwenye kompyuta ya watu. Si kwamba mwenye saiba ni mbaya, lakini baada yako wanaikalia wengine.

Iko njia nyengine: programu ya kupunguza picha inayofanya kazi ndani ya kivinjari cha simu yako mwenyewe. Mfano ni Squoosh, iliyotolewa na Google mwaka 2018, nayo ni ya bure. Na kijana aliyejifunza HTML na JavaScript kidogo aweza kuunda yake.

Hatua ni nne. Kwanza, weka kitufe cha kuchagua picha. Pili, ichore picha hiyo kwa vipimo vidogo kwenye kanvasi, yaani ubao wa kuchorea ulio ndani ya ukurasa. Picha ya 4000 kwa 3000 ina nukta milioni 12. Ukiichora 1600 kwa 1200, zabaki chini ya milioni 2. Tatu, amri ya toBlob huihifadhi upya kwa mfumo wa JPEG, nawe wachagua ubora baina ya 0 na 1. Anza na 0.7. JPEG hutupa yale madogo ambayo jicho haliyaoni kwa urahisi. Nne, weka kitufe cha kuipakua.

Kuna faida ya ziada: picha iliyopita kwenye kanvasi haibebi maelezo yaliyofichika ndani ya ile ya awali, kama vile mahali ilipopigwa.

Lakini usipunguze nakala ya nakala, kwa maana kila mara kitu hupotea. Hifadhi picha ya asili, na kabla ya kutuma, hakikisha nambari zasomeka.

Je, utajuaje kama programu uliyoipata haiipeleki picha yako kwengine? Fungua ukurasa, zima data na waifai, kisha jaribu. Ikifanya kazi, basi inaipunguza humo humo simuni. Ikikwama, huenda picha yapelekwa kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Hapo ni afadhali saiba, angalau mwenyewe wamjua.