Fomu za bima zilivyosaidia kufichua dawa ya hatari

MGONJWA aliyetibiwa kwa bima anapotoka hospitalini, karatasi zake huanza safari yao. Hospitali huandika ugonjwa aliokuwa nao, vipimo alivyopimwa, dawa alizopewa na siku alizolazwa, kisha hutuma madai kwa shirika la bima ili ilipwe. Kwa watu wengi mambo huishia hapo. Pesa zikishalipwa, nani tena ana haja na fomu hizo?

Watafiti wa afya wanazo haja nazo kubwa. Katika nchi ambazo karibu kila raia amesajiliwa katika bima ya taifa, madai ya mamilioni ya wagonjwa huwekwa pamoja kwenye tarakilishi na kutumiwa kujibu maswali ambayo daktari mmoja hawezi kuyajibu, hata awe hodari namna gani. Je, dawa fulani inawadhuru watumiaji wake? Ni wagonjwa wangapi waliopasuliwa ambao hurudi hospitalini kabla ya mwezi kwisha? Wenye kisukari wanapimwa macho na figo inavyotakiwa?

Kisa kimoja cha Ufaransa kinaeleza vizuri zaidi faida ya kazi hiyo, na pia kinaonyesha hasara ya kuchelewa kuifanya.

Dawa iliyouzwa miaka 33

Mwaka 1976 kampuni ya Servier ilianza kuuza nchini Ufaransa dawa iitwayo Mediator. Iliidhinishwa kwa wagonjwa wa kisukari wenye uzito wa kupita kiasi, lakini madaktari wengi waliwaandikia pia watu waliotaka kupunguza unene tu. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni tano waliitumia kabla haijaondolewa madukani mwezi wa Novemba 2009.

Dalili za hatari zilikuwapo mapema. Mwaka 1997 dawa nyingine za kupunguza unene, zenye kemikali ya fenfluramini, zilipigwa marufuku baada ya kugunduliwa kwamba ziliharibu vali za moyo. Vali hizi ni vilango vidogo ambavyo hufunguka na kujifunga ili damu isonge mbele bila kurudi nyuma. Vikikakamaa au vikivuja, moyo hulazimika kufanya kazi ya ziada hadi unachoka, na mgonjwa huanza kuishiwa na pumzi. Mediator ilikuwa na udugu wa karibu na dawa hizo, kwa kuwa zote mbili zikiingia mwilini huzaa kemikali ile ile. Hata hivyo iliendelea kuuzwa.

Mwaka 2007, Dkt Irène Frachon, daktari wa mapafu katika hospitali ya chuo kikuu mjini Brest, alimpokea mgonjwa mwenye shinikizo la damu katika mishipa ya mapafu, ugonjwa usio wa kawaida. Mgonjwa huyo alikuwa akitumia Mediator. Daktari akaanza kushuku. Yeye na wenzake walichunguza kumbukumbu za hospitali yao, wakapata wagonjwa 27 ambao vali zao zilivuja bila sababu kujulikana. Kati ya hao, 19 walikuwa wamewahi kutumia dawa hiyo. Katika kundi la wagonjwa 54 wa kulinganisha nao, waliowahi kuitumia walikuwa watatu tu.

Tofauti hiyo ilitisha, lakini ilitoka katika hospitali moja na ilihusu watu wachache. Mtu aliyetaka kuipinga angeweza kusema ni sadfa tu.

Bima yaulizwa

Hapo ndipo bima ya taifa ilipoingia. Shirika la bima ya afya la Ufaransa lilikuwa na hazina ya kumbukumbu iliyoonyesha kila dawa iliyolipiwa. Kumbukumbu hizo ziliweza kuunganishwa na zile za watu kulazwa hospitalini. Dkt Alain Weill na wenzake katika shirika hilo waliwachukua wagonjwa wa kisukari zaidi ya milioni moja, wenye umri wa miaka 40 hadi 69, ambao walipewa dawa za kisukari mwaka 2006. Kati yao, zaidi ya 43,000 walikuwa wamepewa Mediator. Kisha wakafuatilia yaliyowapata katika miaka ya 2007 na 2008.

Jibu lilikuwa wazi. Waliotumia Mediator walilazwa kwa sababu ya vali zinazovuja mara tatu zaidi ya wagonjwa wenzao wa kisukari ambao hawakuitumia. Kwa upande wa upasuaji wa kubadilishwa vali, hatari yao ilikaribia mara nne. Tena, waliotumia kiasi kidogo walikuwa na hatari ndogo kuliko waliotumia kingi. Jambo hilo liliongeza uzito wa ushahidi, kwani sumu ya kweli huzidi kudhuru kadiri kipimo kinavyoongezeka.

Mwaka uliofuata, Novemba 2010, mamlaka ya dawa ya Ufaransa ilitangaza makadirio kwamba Mediator ilikuwa imesababisha vifo visivyopungua 500 tangu 1976. Makadirio mengine yaliyofuata yalikuwa makubwa zaidi. Mwezi wa Machi 2021 mahakama moja ya Paris iliipata kampuni ya Servier na hatia ya udanganyifu na ya kuua bila kukusudia, na mamlaka ya dawa yenyewe ikatozwa faini kwa uzembe. Mwezi wa Desemba 2023 mahakama ya rufaa iliiamuru kampuni hiyo ilipe zaidi ya Euro milioni 430, sehemu kubwa ikiwa ni kurudishia mashirika ya bima pesa yaliyotumia kuilipia dawa hiyo.

Tukumbuke kwamba madai yaliyotumiwa katika utafiti huo hayakuandikwa kwa ajili ya sayansi. Yaliandikwa ili maduka ya dawa na hospitali zipate pesa zao. Yalikuwa yamelala tu, yakingoja mtu wa kuyauliza.

Kwa nini daktari peke yake hawezi

Msomaji huenda akauliza: kwani madaktari waliowatibu wagonjwa hao hawakuona?

Daktari huwaona waliougua. Hawaoni wale waliotumia dawa ile ile wakabaki wazima, kwa kuwa hawana sababu ya kumwendea. Akipata wagonjwa watatu wenye tatizo moja, hana njia ya kujua kama watatu hao wametoka katika watumiaji 30 au 30,000. Pia, ugonjwa wa vali huweza kujitokeza baada ya miaka, na mgonjwa akapelekwa kwa daktari mwingine katika mji mwingine, asiyejua ni dawa gani alizokuwa akimeza zamani.

Majaribio yanayofanywa kabla ya dawa kuidhinishwa hayatoshi pia. Aghalabu hushirikisha mamia au maelfu machache ya watu kwa muda mfupi. Wajawazito na wazee sana mara nyingi huachwa nje. Madhara yanayompata mtu mmoja kati ya elfu kadhaa yanaweza kupita bila kuonekana, yakaja kuchomoza dawa ikiwa tayari imo katika kabati za mamilioni.

Bima ya taifa huwa na hesabu zote mbili: waliougua na wasiougua.

Mitego iliyomo

Pamoja na faida hizo, madai ya bima yanaweza kumpotosha mtafiti asiye mwangalifu.

Mtego wa kwanza ni ulinganishaji mbaya. Wenye kisukari hupatwa na magonjwa ya moyo kuliko watu wengine, hata wasipomeza dawa yoyote. Kama watafiti wa Ufaransa wangewalinganisha watumiaji wa Mediator na raia wote, dawa ingelaumiwa kwa makosa ya kisukari. Ndiyo maana waliwalinganisha wagonjwa wa kisukari kwa wagonjwa wa kisukari.

Mtego wa pili ni yale yasiyoandikwa. Fomu ya bima husema kwamba mtu alipimwa sukari, lakini mara nyingi haisemi sukari ilikuwa kiasi gani. Haisemi kama anavuta sigara, ana uzito gani au anakula nini. Dawa aliyojinunulia dukani kwa pesa zake haimo, wala mitishamba. Na dawa iliyochukuliwa dukani si lazima iwe imemezwa.

Mtego wa tatu ni walioachwa nje. Mtu asiye na bima hana fomu. Takwimu zikitoka kwa walioajiriwa pekee, zitaeleza afya ya walioajiriwa, na mama anayeuza mboga sokoni hatakuwamo. Serikali ikizitumia kupanga hospitali zijengwe wapi, huenda ikampelekea huduma yule ambaye tayari anazo.

Mtego wa nne ni uwongo. Kwa kuwa madai huandikwa ili kulipwa, kuna wanaoshawishika kuandika ugonjwa mzito kuliko uliokuwapo, au upasuaji ambao haukufanyika. Wizi huo huonekana kama hasara ya pesa tu, lakini unaharibu pia elimu. Wagonjwa hewa wakijazana katika kumbukumbu, mtafiti atahesabu maradhi ambayo hayakuwapo na kusifu matibabu ambayo hakuna aliyeyapata.

Siri ya mgonjwa

Swali lililo gumu kuliko yote linahusu siri. Fomu ya bima inaweza kuonyesha kwamba mtu anatumia dawa za Ukimwi, kwamba mimba yake iliharibika, au kwamba alitibiwa ugonjwa wa akili. Habari hizo zikimfikia mwajiri au majirani, zinaweza kumvunjia mtu kazi au ndoa.

Kinga ya kawaida ni kuondoa jina na nambari ya kitambulisho, mahali pake pakawekwa alama za siri ambazo mtafiti hawezi kuzigeuza kuwa jina. Ni kinga nzuri, lakini haitoshi. Chukua mfano wa mama mmoja aliyejifungua watoto watatu kwa mpigo katika kaunti yenye watu wachache. Hata jina lake likifutwa, tarehe na mahali vitamtaja. Kwa sababu hiyo, nchi zenye uzoefu haziruhusu mtafiti kwenda nyumbani na kumbukumbu hizo. Hufanyia kazi mahali panapolindwa, na hutoka na jumla na asilimia tu, ambazo nazo hukaguliwa kwanza.

Taiwan ilijifunza kwamba hata hayo hayamalizi ubishi. Bima yake ya taifa ilianza Machi 1995 na inawahusu zaidi ya asilimia 99 ya wakazi wake wapatao milioni 23. Kumbukumbu zake zimetumika katika utafiti mwingi, ukiwemo wa saratani ya ini inayotokana na virusi vya homa ya ini aina ya B. Baadhi ya raia walikwenda mahakamani wakilalamika kwamba habari zao zilikuwa zikitumiwa bila wao kuulizwa. Tarehe 12 Agosti 2022 Mahakama ya Kikatiba ya Taiwan iliamua kwamba kuzitumia kwa utafiti si kosa kwenyewe, lakini ni kosa kwamba sheria haikumpa raia njia ya kujitoa. Serikali ilipewa miaka mitatu kurekebisha sheria.

Na hapa Kenya?

Kenya imekuwa na bima ya taifa tangu 1966, ilipoanzishwa Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, iliyojulikana zaidi kama NHIF. Tarehe 1 Oktoba 2024 nafasi yake ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 2023. Nia ya sheria hiyo ni kumsajili kila mkazi, awe na ajira au asiwe nayo. Nia hiyo ikitimia, madai yatakayokusanywa yatakuwa picha ya afya ya nchi ambayo hatujawahi kuwa nayo.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 tayari inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, zinazohitaji ulinzi wa pekee. Kazi iliyobaki ni ya kila siku: kuandika ukweli katika fomu. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilitangaza kuzisimamisha hospitali kadhaa kwa tuhuma za madai ya uwongo. Hatua kama hizo hujadiliwa kwa hesabu ya shilingi zilizookolewa, lakini zinaokoa pia ukweli ambao daktari wa kesho atautegemea.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Unapotibiwa kwa bima:

• Usitie sahihi wala alama ya kidole kwenye fomu tupu. Omba usomewe yaliyoandikwa.

• Uliza ni ugonjwa gani na huduma zipi zilizodaiwa kwa jina lako. Kama kuna usichokipata, kikatae hapo hapo na upige ripoti.

• Usimwazime ndugu wala jirani usajili wako. Ugonjwa wake utaandikwa kuwa wako, na huenda siku moja ukamdanganya daktari wako.

• Mweleze daktari dawa zote unazotumia, zikiwemo ulizojinunulia na mitishamba, kwa kuwa hizo bima haizijui.

• Ukipatwa na jambo usilolielewa baada ya kuanza dawa mpya, rudi ulikotibiwa na useme. Usiiache dawa kimyakimya bila kumwambia aliyekuandikia.

Wagonjwa 27 wa Brest walitosha kumfanya daktari mmoja ashuku. Ilihitajika fomu za watu milioni moja, zilizoandikwa kwa ukweli na kutunzwa kwa siri, ili shaka hiyo iungwe mkono na ushahidi ambao haukuweza kuitwa sadfa.